Risala kwa Mgeni Rasmi: Ndege Adimu wa Malindi na Ushahidi Wake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Wazee wa Sabaki na Mambrui, wazazi, wavuvi na waongoza watalii mliofika,
Wanafunzi wenzetu,

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha Malindi katika Siku ya Ndege Wanaohama Duniani, ambayo huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba. Hii ya Oktoba ndiyo yetu hasa. Kusi inakata, kaskazi haijashika, na ndege wa pwani kutoka Urusi na Asia ya Kati wanateremka kwenye tope la mlango wa mto Sabaki, hori ya Mida na mabwawa ya chumvi ya Gongoni. Katika makundi hayo huweza kuwamo mmoja asiyetarajiwa. Risala hii inamhusu huyo mmoja: namna ya kumwandika hata mtu aliye Nairobi, ambaye hakumwona, akubali kwamba alikuwapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndege huitwa adimu kwa kipimo cha mahali na majira. Glareola ocularis, yule wa Madagaska anayewinda wadudu hewani kama mbayuwayu, si adimu hapa Sabaki kati ya Aprili na Septemba. Huja kwa maelfu na kupumzika mchangani kando ya mto. Mtu akimwona Januari, hiyo ni rekodi inayodai ushahidi kamili. Na ushahidi wenyewe umtenge na jamaa yake Glareola pratincola. Wa Madagaska hana mstari mweusi unaozunguka koo, ana mchirizi mweupe chini na nyuma ya jicho, mkia wake umepasuka kidogo tu, na ukingo wa nyuma wa bawa lake hauna weupe. Ripoti inayosema "nina hakika ni yeye" bila kugusa mambo hayo manne haina pa kusimama.

Tendo la ndege nalo huweza kuwa adimu kuliko ndege mwenyewe. Mnana wa Kilifi, Ploceus golandi, alipewa jina la kisayansi mwaka 1913, lakini kiota chake kilithibitishwa mwaka 2013 katika msitu wa Dakatcha. Ndege alikuwa anajulikana miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni mtu aliyekuwa mahali penyewe, wakati wenyewe, akiwa na kitu cha kuonyesha.

Kazi huanza kabla ya kufungua kitabu cha ndege. Ukishakifungua, macho huanza kuona picha iliyomo badala ya ndege aliye mbele yako, na mkono huandika kile ambacho macho yametaka kukiona. Kwa hiyo kitabu kikae mkobani. Toa daftari na penseli, kwa sababu wino huvuja na kufifia kwa unyevu wa bahari. Andika ndege akiwa bado anaonekana: tarehe, saa, mahali kwa tarakimu za GPS, hali ya maji kama yanajaa au yanakupwa, jua liko upande gani, upepo, umbali, darubini iliyotumika na nguvu yake, kwa mfano 8x42, na umemtazama kwa muda gani. Kisha mwandike ndege mwenyewe: ukubwa wake akilinganishwa na jirani anayejulikana aliyesimama karibu naye, umbo la mdomo, kichwa, mgongo, tumbo, miguu, bawa likiwa wazi, kiuno na mkia, sauti, na jinsi anavyokula. Usichokiona, andika kuwa hukukiona. Mhakiki, yaani anayekagua rekodi, huithamini zaidi sentensi "miguu haikuonekana, alikuwa majini" kuliko "miguu nadhani ni myeusi."

Mwenzako naye aandike lake kando, bila ninyi kusemezana. Mkijadiliana kwanza, mashahidi wawili mmekuwa mmoja.

Mheshimiwa, tope la Sabaki lina hila yake. Mto hushusha udongo kutoka bara, hasa wakati wa mvua, hata bahari mbele ya Malindi ikageuka rangi ya chai. Ndege aliyetembea humo hutoka na miguu iliyopakwa. Miguu ya manjano huonekana ya kijivu, na tumbo jeupe huwa la kutu. Kuna ndege wa pwani ambao kweli huwa na kutu kifuani katika manyoya ya kuzalia, na wengine hufika Oktoba wakiwa bado na mabaki yake. Ndipo watu hukosea. Dawa ni kusubiri. Ndege wa matopeni huoga. Ukimwacha atulie ataingia kwenye maji, atajikung'uta, na rangi ya kweli itatoka. Ukimkimbilia umpige picha ya karibu atainuka na kundi zima, nawe utabaki na picha ya migongo ikielekea Mambrui. Jua la saa kumi na moja jioni nalo hupaka kila kitu dhahabu, kwa hiyo rangi iliyoandikwa wakati huo iandikwe pamoja na saa yake.

Na saa ndiyo inayoharibu rekodi nyingi za pwani hii kuliko jambo jingine lolote. Mtu akiandika "saa 2:15", kwetu ni asubuhi. Programu ya simu huisoma kuwa usiku. Tofauti ni saa sita kamili. Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo saa sita hugeuza maji makuu kuwa maji makavu. Mhakiki akilinganisha na jedwali la maji la Kilindini anakuta umesema ndege walikuwa wamejikusanya mchangani kwa kufukuzwa na maji, wakati ambapo jedwali linaonyesha tope lote liko wazi. Rekodi ya kweli inanuka uongo. Tumekubaliana kuandika 08:15 au 20:15, basi. Kamera nayo irekebishwe kabla ya kutoka nyumbani: kamera iliyonunuliwa kwa mgeni wa Kitaliano hubaki na saa ya Roma, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa moja au mbili kutegemea majira yao.

Kuhusu picha: ya kwanza ipigwe papo hapo, hata kama ndege ni nukta, kwa sababu huenda ya pili isipatikane. Halafu sogea kidogo kidogo, ukisimama kila mara. Kinachotafutwa ni ubavu mzima, bawa likiwa wazi juu na chini, kiuno, na miguu. Picha moja mbaya ya bawa wazi huweza kumaliza mjadala ambao picha kumi nzuri za ndege aliyesimama zimeshindwa. Asiye na kamera aweke simu kwenye kioo cha darubini ya miguu mitatu. Hiyo inatosha kabisa, mradi miguu ya darubini iwe mizito, maana kusi ikivuma kila kitu hutetemeka. Usizidishe rangi wala kung'arisha. Ukitaka kukata picha, kata nakala, na faili la asili libaki kama lilivyotoka. Na usilitume kwa WhatsApp kama picha, kwa kuwa huko hubanwa na taarifa zake za saa na mahali hufutwa. Litume kama hati.

Sauti hurekodiwa kwa simu, bila maneno juu yake. Taja tarehe na mahali ndege akishanyamaza. Kwa bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, aliyepewa jina mwaka 1966, sauti mara nyingi ndiyo ushahidi pekee unaopatikana usiku katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Tunaomba waongoza watalii wasimwite kwa kumchezea sauti yake mara kwa mara. Bundi anayeijibu simu ya mtu usiku kucha hawindi.

Ndege aliyekutwa amekufa ufukweni asishikwe kwa mkono mtupu, kwa sababu ya homa ya ndege. Mpige picha kando ya rula, bawa likiwa limekunjuliwa. Kama ana pete mguuni, andika herufi na tarakimu zote, pamoja na jina la nchi au taasisi iliyochorwa. Asipelekwe nyumbani kama pambo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inazuia kumiliki sehemu za mnyamapori bila kibali. Taarifa ipelekwe Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na mzoga ukiwa mzima Makumbusho ya Taifa wanaweza kuuhitaji.

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utupe ruhusa tukuonyeshe mfano mmoja kwa karibu. Kwenye mchanga wa Sabaki husimama kitwitwi wa aina mbili wanaofanana sana, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Wakiwa pamoja ukubwa husaidia. Akiwa peke yake ukubwa ni udanganyifu mtupu. Mtazame ubavuni. Pima kwa jicho urefu wa mdomo, kisha pima umbali kutoka shina la mdomo hadi ukingo wa nyuma wa jicho. Mdomo ukizidi umbali huo kwa wazi, huyo ni mkubwa. Ukilingana nao au ukipungua, ni mdogo. Akiruka, vidole vya mkubwa hupita ncha ya mkia. Na hapo hatujamaliza, kwani miaka ya karibuni wataalamu wamemgawa yule mdogo kuwa aina mbili, wa Tibet na wa Siberia. Wanaofika kwetu wanachukuliwa kuwa wa Tibet, hivyo anayedai wa Siberia ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Madaftari ya zamani yaliyoandika jina tu hayawezi kusaidia katika swali hili. Yaliyo na picha yanaweza kufunguliwa tena.

Kuna pia wanaotushinda, na kusema hivyo ni sehemu ya kazi. Buabua mdogo na buabua wa Saunders wakiwa nje ya manyoya ya kuzalia hawatenganishwi kwa uhakika wakiwa mbali. Tunaandika majina yote mawili kwa alama ya mkwaju (/) katikati. Orodha yenye mkwaju huaminika kuliko orodha isiyokuwa na shaka hata moja.

Rekodi ikishaandikwa, safari yake ni hii. Kwanza husomwa na mwenzetu ambaye hakuwapo, na kazi yake ni kuuliza: kwa nini asiwe ndege wa kawaida? Je, ni wa kufugwa aliyetoroka? Manyoya ya mkia yaliyolika kwa waya za kizimba, au ndege asiyeogopa watu kabisa, ni dalili ya kutiliwa maanani, hasa kwa jamii ya kasuku. Kisha huingizwa kwenye Ramani ya Ndege wa Kenya, iliyoanza mwaka 2013, ambako nchi imegawanywa katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Orodha kamili ya mraba hudai angalau saa mbili za kutazama, majina yakiandikwa kwa mpangilio wa kuonekana, na hufungwa ndani ya siku tano. Ndege asiyetarajiwa katika mraba huo huulizwa maelezo ya ziada. Wengine huingiza pia kwenye eBird, hazina ya mtandaoni ya rekodi za ndege, nako kuna wahakiki. Akiwa ni ndege adimu kwa nchi au kwa kanda nzima, faili hupelekwa kwa Kamati ya Ndege Adimu ya Afrika Mashariki, na rekodi zilizokubaliwa huchapishwa katika jarida la Scopus, linalotolewa tangu mwaka 1977 chini ya jumuiya ya historia ya viumbe iliyoanzishwa mwaka 1909, ambayo leo tunaijua kwa jina la Nature Kenya.

Kamati ikikataa, haijasema mtu ni mwongo. Imesema karatasi iliyoletwa haitoshi kuwatenga ndege wengine wanaofanana naye. Wanafunzi huumia wakirudishiwa, na hapo ndipo walimu wanatakiwa kuwa karibu. Faili halitupwi, huandikwa "haijathibitishwa" na kungoja.

Jambo moja hatulitangazi. Mahali pa viota vya mnana wa Kilifi na miti anayolala bundi wa Sokoke mchana hubaki katika faili la kamati, hayawekwi kwenye kundi la WhatsApp. Ndege mgeni aliyetua ufukweni anaweza kutangazwa saa hiyohiyo; mashahidi wengi ni faida, ilimradi wasimame mbali na kundi wakati maji makuu, ambapo ndege hawana pengine pa kusimama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni machache. Tunaomba darubini moja ya miguu mitatu yenye nguvu ya 20 hadi 60, ikabidhiwe shule na itumiwe pia na vijana wa Sabaki na Mambrui. Tunaomba vifaa viwili vya kuhifadhia picha, kimoja kikae hapa shuleni na kingine mahali tofauti, kwani unyevu wa pwani huua kompyuta bila kubisha hodi. Tunaomba kabati la chuma lenye kufuli kwa ajili ya madaftari. Na tunaomba barua ya ofisi yako kwa wenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni, ituruhusu kuingia kuhesabu ndege wakati wa bamvua. Mlinzi wa getini hahitaji maelezo marefu, anahitaji muhuri.

Maji leo yatatupa nafasi baada ya shughuli hii. Wanafunzi watakaokuongoza hadi mlango wa mto wana madaftari mapya, na moja limewekwa jina lako. Penseli iko ndani yake.

Tunaomba kuwasilisha.