Si kiburi, ni sikio

Mhariri,

Hapa kwetu Lamu, mtu akipita barazani asiitikie salamu, jina lake limeshaharibika kabla hajafika mwisho wa kichochoro. Mpwa wangu limemkuta hilo. Alirudi kutoka Somalia, na wiki haikuisha maneno yakamfikia mamake: mwanao jeshi limemvimbisha kichwa, twamsalimu hata hageuki. Kumbe sikio la kulia halisikii. Bomu la mota lilianguka karibu na handaki lao. Mwili ukatoka mzima, sikio likabaki kule kule.

Habari za jeshi letu la Kenya huko Somalia huwa tunazisoma kwa tarehe. Oktoba 2011 wakavuka mpaka, 2012 wakaingia Kismayo, Januari 2016 kambi yao ya El Adde ikavamiwa na al-Shabaab, Januari 2017 ile ya Kulbiyow. Anayerudi nyumbani haandikiwi chochote. Vijana humuuliza aliua wangapi, basi. Mimi nilikuwa mwalimu, na kuuliza ni ugonjwa wangu, nikamuuliza alikuwa akizungumza na nani huko. Akanyamaza sana. Kisha akaniambia habari ya mzee mmoja wa Kibajuni, Kismayo, aliyekuwa akimkaripia mjukuu wake. Mpwa wangu kakulia Langoni lakini kwao ni Faza, kwa Wabajuni vilevile, na karipio lile lilikuwa la nyanyake, neno kwa neno. Akasimama na bunduki yake, akatazama pembeni. Mzee hakujua kwamba yule askari amemwelewa.

Na babake ni mvuvi. Uvuvi wa usiku ulipopigwa marufuku kwa ajili ya usalama, mzee alikaa miaka akizifuma upya nyavu zisizotoka, huku unga wa nyumba ukinunuliwa kwa mshahara wa mwanawe askari. Mpaka leo wawili hao hawajaligusa jambo hilo. Silaumu yeyote hapo.

Ninacholaumu ni safari ya matibabu. Kila miadi avuke kwa boti hadi Mokowe, apande basi, Witu, Gamba, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa. Wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba tangu mashambulizi ya 2014 tumezoea kusindikizwa na polisi wenye bunduki. Sisi wengine husinzia. Yeye hafumbi jicho. Anakagua kingo za barabara, kila rundo la mchanga, kila tawi lililokatwa. Yaani ili atibiwe vita, kwanza arudishwe vitani kwa nauli yake mwenyewe! Akifika amechakaa, anaulizwa kama analala vizuri, anapewa vidonge na tarehe nyingine. Mara mbili za mwisho hakwenda. Nina hakika kwenye faili lake wameandika tu kwamba mgonjwa hakufika.

Naomba wahusika wamlete mshauri nasaha hapa Lamu, hata mara moja kwa mwezi, pamoja na mtaalamu wa masikio. Chumba kimoja pale Hospitali ya King Fahd kinatosha, na kiwe chumba chenye mlango unaofungwa, maana mji wetu mdogo na kila anayepita hutaka kujua nani kaingia kwa nani. Mpwa wangu hatakuwa peke yake kwenye foleni hiyo.

Na majirani zangu wa Langoni, akipita, msalimieni kutoka kushoto.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu