Na wewe wamekukata

Temeke, Dar es Salaam
Alhamisi usiku

Kwako swahibu Salim,

Habari za Mombasa? Mama anaendeleaje na ule mguu? Huku tu wazima. Nilitaka kukupigia, ila kwa simu ningefoka tu, bora niandike.

Unaikumbuka ile jioni tuliyoruka Arusha kwenye simuleta, gemu yetu ya kurusha ndege, wewe na ndege yako ya Caravan nyuma yangu? Juzi shemeji kaituma picha yangu ya siku ile kwenye grupu la familia, anauliza nauli ya Serengeti na watoto. Nikadhani ananitania. Kumbe ni tangazo la kampuni moja ya safari: ndege ileile, Mlima Meru uleule, na maandishi ya njano, "Panda nasi". Upande wa kushoto wameukata ili jina langu liondoke pale chini, na wewe uliyekuwa unasubiri zamu mwanzoni mwa njia ya kurukia ukaondoka nalo. Ila ubavuni mwa ndege, baada ya 5H ya usajili wa Tanzania, zimebaki zile herufi za jina la Zuhura nilizobandika mwenyewe. Hizo hawakuziona. Na ukiikuza picha utaona mti umeota juu ya paa la bati, mambo ya simuleta hayo.

Nikawapigia. Kijana akanijibu kwa upole kabisa: "Bosi, hiyo tumeitoa Google." Nilipomweleza, akacheka. "Sasa si gemu tu hiyo?"

Gemu tu! Wewe unajua nilivyohangaika. Nilirudisha saa mpaka kumi na mbili na robo jioni ili jua lipige kwa nyuma, nikapunguza mawingu hadi ukabaki ukanda mmoja kiunoni mwa mlima, nikaigandisha ndege magurudumu yakiwa ndiyo kwanza yameachana na lami, kisha nikazunguka na kamera ya droni karibu saa nzima, kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga. Meru sikuuchora mimi, kweli. Anayekwenda kuupiga picha kwa kamera yake naye hakuuumba.

Kinachonikata maini ni hiki. Nimesoma masharti ya Microsoft: picha za magemu yao ruhusa kusambaza, biashara hapana. Yaani mimi mwenyewe siruhusiwi kuiuza, hawa wanauzia safari. COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, naweza kwenda, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo, lakini wakiniuliza "hapa chako ni kipi?" nitaanza kueleza mawingu. Hela sitaki. Nataka jina langu, na waache kumwonyesha shemeji ndege isiyokuwepo.

Halafu usinihurumie sana. Ile mistari ya bluu ya mkiani sikuipaka mimi. Ni ya kijana mmoja wa Poland anayegawa rangi za ndege bure, na ndani ya folda aliweka kifaili cha maandishi: tumia utakavyo, nitaje tu. Nimekifungua jana kwa mara ya kwanza, Salim. Miaka miwili naposti ndege ile! Nimemwandikia, hajajibu bado. Kampuni nitawarudia akishajibu, maana sasa hivi sina uso.

Shida yangu kwako: ile diski yangu ya zamani ilikufa na picha nzima ikiwa humo. Nadhani nilikutumia usiku uleule, tena na wewe ulipiga skrinishoti yako kutoka pale ulipokuwa unasubiri. Zitafute zote mbili. Usizitume WhatsApp kama picha, itaziminya. Zitume kwa imeili. Nataka yenye kona ya kushoto, wewe ukiwemo.

Jumamosi saa tatu usiku nitakuwa kwenye simuleta, uwanja wa Manda, Lamu. Tushuke na pwani mpaka Kilwa. Safari hii tangulia wewe.

Wasalaam,
Baba Zuhura