Ufunguo wa siri usiutunge mwenyewe

Mwanangu Neema,

Marahaba. Huku wote wazima, mama yako yuko shambani anavuna mbaazi.

Nimeisoma programu uliyonitumia, ya vile vifaa vya kupima maji kwenye matangi. Umejitahidi sana. Ila kuna mistari miwili naomba uifute leo hii: ile inayotengeneza ufunguo wa siri kwa kuchukua saa ya kifaa na namba ya mchakato, yaani namba ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa.

Najua namba inayotoka humo ukiitazama imevurugika kweli. Lakini mtu mwenye nia mbaya akishajua kifaa kiliwashwa siku gani, sekunde za kujaribu si nyingi, na kompyuta yake itazimaliza chai haijapoa. Netscape, kampuni ya kivinjari cha intaneti, yaliwakuta hayo mwaka 1995. Namba zao zilitokana na saa na namba za michakato, na wanafunzi wawili wa Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, wakaonyesha kwamba zinakisika.

Kazi hiyo ya kutoa namba zisizokisika iachie kerneli, ile programu ya kiini cha mfumo wa kifaa. Kwenye Linux inaifanya tangu 1994, Theodore Ts'o alipoandika /dev/random, faili maalumu ambalo programu husoma namba hizo humo. Inaokota mambo ambayo aliye nje hawezi kuyapima: diski imejibu saa ngapi hasa, kibodi imebonyezwa lini, hadi vijisehemu vidogo mno vya sekunde. Siku hizi vyote vinakandwa pamoja kwa kanuni ya kuchanganya iitwayo BLAKE2s, kisha kanuni nyingine, ChaCha20, inatoa namba kadiri unavyotaka. Ni kama chumvi kwenye unga wa chapati. Ukishakandwa, nani ataichomoa? Watu wamebishana miaka na miaka eti namba hizo zinakwisha ukizitumia sana. Ubishi ule mimi niliuona wa bure, na tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020 /dev/random nayo haikusubirishi tena ikishakuwa tayari.

Hatari iko pale mwanzo kabisa. Kifaa chako hakina kibodi wala diski inayozunguka. Kikiwashwa mara ya kwanza, kerneli haijaokota kitu, na programu yako tayari inadai ufunguo. Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake walikusanya funguo za wazi, zile ambazo kila kifaa humwonyesha yeyote, kutoka intaneti nzima, wakakuta ruta na vifaa vingine vidogo ambavyo vilitengeneza funguo za RSA katika hali hiyo hiyo. Kwenye RSA, ufunguo wa wazi unabeba namba ndefu iliyopatikana kwa kuzidisha namba tasa mbili za siri. Vifaa viwili vikianza sawasawa, vinachagua namba tasa ya kwanza ileile. Halafu saa ya kimoja inasogea kidogo, na namba tasa ya pili inakuwa tofauti. Sasa chukua 77 na 91, utafute KKS, kigawo kikubwa cha shirika, ile ile uliyokuwa ukiinunia shule ya msingi. Unapata 7, na hapo hapo zote mbili zimefunguka: 7 mara 11, 7 mara 13. Namba za RSA ni ndefu kupindukia na kuzigawanya moja moja hakuwezekani, lakini KKS ya namba mbili kompyuta inaitoa mara moja. Kwa njia hiyo walipata funguo za siri za asilimia 0.5 ya seva za TLS, yaani zinazotumia mawasiliano yaliyofichwa kama ya tovuti za https, walizozikuta. Hawakuvunja hesabu yoyote.

Kwa hiyo tumia getrandom, wito wa kuiomba kerneli namba moja kwa moja, bila kuiongezea alama yoyote ya kubadili tabia yake. Ipo tangu Linux 3.17 ya mwaka 2014. Kerneli ikiwa bado haijawa tayari, inakusubirisha. Ikishakuwa tayari, haikusubirishi tena. Ukiona kifaa kimekwama kidogo wakati wa kuwaka, usiende kuchukua /dev/urandom, ndugu yake /dev/random asiyesubiri, ili kiharakishe. Hiyo inaweza kukupa namba hata kabla ya wakati, na wala haiiambii programu yako.

La mwisho, maana umesema kadi za kumbukumbu za vifaa vyote mnazinakili kutoka kadi moja. Kabla ya kunakili, futa faili la mbegu ya namba nasibu, ambalo kerneli huanzia nalo ikiwashwa, na funguo za SSH, za kuingilia kifaa kutoka mbali, kwenye kadi mama, kila kifaa kitengeneze zake kikishawaka. Zile ambazo zimeshafungwa kwenye matangi mzirudie, hata kama fundi atanung'unika nauli.

Nitumie toleo jipya ukimaliza.

Baba yako