Mwenye hamaki abebeshwe dawa, si bunduki

KWA MHARIRI,

Likizo ikikaribia, wito wa kufunga mabanda ya gemu huanza tena hapa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Nyalenda. Sababu ni ile ile: gemu za simu zinawatia vijana hamaki. Hamaki ipo, hatukatai. Aliyewahi kupita nje ya banda jioni amesikia matusi yakirushwa kwa mtu aliye Nakuru au pengine Misri, ambaye mtukanaji hatawahi kumwona. Lakini sisi tunaowafunza vijana kucheza kwa timu huuliza kwanza: huyo mwenye hamaki amepewa kazi gani kikosini?

Chukua PUBG Mobile, gemu ya simu ya kupigana kwa bunduki. Watu 100 hushuka kisiwani, na kikosi huwa cha wanne. Karibu kila kijana anataka kuwa mdunguaji, au awe wa kwanza kuvamia nyumba, maana sifa huenda kwa aliyeua wengi. Kazi ya msaidizi, anayebeba dawa na mabomu ya moshi na kuinua walioangushwa, haina mteja. Hiyo ndiyo tunayompa mwenye hamaki.

Tazama huko kuinua. Mwenzako akiangushwa hafi papo hapo. Hutambaa huku damu ikimwishia. Ukimfikia ukabonyeza kitufe, unatulia hapo sekunde 10. Hufyatui risasi, hukimbii. Ukisikia nyayo katika sekunde ya 8 ukaachia, hesabu inaanza upya. Mwenye hamaki huachia, akarudi, akaachia tena, mwishowe wote wawili wamelala chini. Hapo hahitaji mzazi wa kumhubiria subira.

Subira hiyo ina utaratibu. Kwanza moshi, na aurushe kati ya aliyeanguka na adui. Wengi huurusha juu ya aliyeanguka, na wingu moja dogo linakuwa alama ya kumwonyesha adui pa kumwaga risasi. Angoje wingu litande, ndipo aingie. Akishabonyeza, avute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa polepole kwa hesabu ya 6. Pumzi moja ya namna hiyo ni sekunde 10, sawa na muda wa kuinua, na kidole hakitetemeki. Aliyeinuliwa huwa na afya kidogo sana, kwa hivyo asikurupuke kulipiza kisasi. Ajitibu kwanza kwa sanduku la huduma ya kwanza: sekunde 6, na afya hupanda hadi 75 kwa 100. Bendeji huchukua sekunde 4 na kurudisha 10 tu, ndiyo maana aliyejaza bendeji begini hujikuta akijifunga huku adui akiingia mlangoni. Begi la msaidizi liwe na moshi 4 au 5, masanduku 5 na vinywaji vya nguvu. Risasi apunguze. Darubini ya masafa marefu akiiokota ampe mdunguaji, hata kama roho inamuuma.

Maikrofoni nayo ina kanuni yake. Mwenye hamaki hupiga kelele, "Wako hapa! Hapa!" Hapa wapi, na mwenzake yuko nyumba ya tatu? Aseme idadi, kisha nambari iliyo kwenye dira juu ya skrini, kisha kitu kinachoonekana: "Wawili, 210, nyuma ya mti." Halafu anyamaze. Anayeisoma dira hana nafasi ya kutukana. Lawama zingoje mechi iishe.

Katika Mobile Legends, gemu nyingine ya simu ya watano kwa watano, somo ni lile lile kwa sura nyingine. Shujaa Tigreal ana uwezo wa kuwavuta maadui pamoja na kuwaduwaza kwa muda mfupi. Kijana akiona watatu wamekaa vizuri huwarukia mara moja, na mpigaji wake, mwenzake wa kuwamaliza maadui, bado yuko upande wa pili wa ramani akikusanya dhahabu. Maadui wanaduwaa, wanazinduka, wanammaliza, kisha lawama zinaanza: "Mlikuwa wapi?" Walikuwa pale walipoonekana kwenye ramani ndogo, ila hakuangalia. Tunawawekea sharti: jicho ramani kwanza, na wenzake wakiwa pungufu ya wawili karibu naye, nafasi hiyo aiache ipite. Wavuvi wa Dunga hawahitaji kuelezwa haya. Wenzake wakivuta wavu, anayefua maji hauachi upo wake ati kwa kuwa ameona samaki.

Hata hivyo, wazazi wasidhani kazi ya msaidizi ni kikombe cha Babu wa Loliondo, dawa ya kila ugonjwa. Ina hasira yake, ya kimya. Msaidizi huhesabu moyoni aliowainua na shukrani alizonyimwa, mwishowe ni kinyongo. Dalili yake ni dawa kuanza kuchelewa, au aliyemlaumu jana kuachwa atambae mpaka afe. Kwa hiyo tunabadilisha zamu kila baada ya mechi tatu, na kiongozi wa kikosi huandika daftarini walioinuliwa sawa na waliouawa, kisha huwasomea wote. Kosa tunaloliona sana ni kumpa kazi hii mchezaji dhaifu kama adhabu. Apewe hodari pia, tena yeye aanze.

Stima ikipotea katikati ya mechi, rauta huzima na msaidizi huonekana kama aliyetoroka. Simu ianze mechi ikiwa na chaji ya kutosha, na bando liwe tayari kwenye laini. Kuhusu sekunde za kuhama kutoka rauta hadi bando, kikosi kiambiwe kabla, si baada.

Kwa wenye mabanda tuna ombi moja. Desturi kwamba anayepoteza mechi ndiye anayeilipia inamfanya kijana apiganie nauli yake ya kurudi nyumbani, na hapo hakuna pumzi ya hesabu ya 4 itakayomtuliza. Tozeni kwa saa, kila mmoja alipe chake kabla ya kushika simu au padi.

Wakufunzi wa gemu za timu,
Kondele, Kisumu