Gari Linazima Likipata Moto: Pima Kabla ya Kununua Pampu

Corolla ya miaka ya 1990 inatembea vizuri, ikipata moto inazima. Unasubiri nusu saa, inawaka kama kawaida. Hapo wengi hukimbilia duka la spea kununua pampu ya mafuta. Pampu iliyochoka hufanya hivyo kweli, ila koili mbovu (inayotengeneza umeme wa cheche) nayo hufanya vilevile. Kwa hiyo kagua gari likiwa bado limegoma: chomoa plagi moja uone kama inatoa cheche. Likishapoa, hitilafu hutaiona.

Cheche zikiwepo, geukia mafuta. Toyota nyingi za umri huo pampu haiungurumi ukiwasha swichi tu. Husubiri stata izungushe injini, kwa hiyo ukimya huo si ushahidi. Chini ya boneti kuna kisanduku kimeandikwa DIAGNOSIS. Unganisha tundu la +B na la FP kwa waya mfupi, kisha washa swichi bila kupiga stata. Pampu nzima utaisikia chini ya kiti cha nyuma.

Usipoisikia, pima volti kwenye soketi ya pampu ikiwa imechomekwa. Betri ina 12.4 na hapo zinafika 9? Tafuta rilei (swichi ya umeme wa pampu) iliyoungua, waya uliolika au athi (waya wa kwenye bodi) yenye kutu. Ukifunga pampu mpya kwenye umeme huo, utarudi palepale.

Na ukiisikia, usiridhike. Kuunguruma si presha, na hapa ndipo pesa nyingi za wateja hupotea. Funga geji ya presha ya mafuta, chomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta (kifaa kinachodhibiti presha hiyo): injini za 4A-FE na 5A-FE zinatakiwa kusoma psi 38 hadi 44. Ikiwa chini, bana mpira wa kurudisha mafuta kwa sekunde chache tu. Presha ikipanda sana, regyuleta inapitisha mafuta kupita kiasi. Isipopanda, ni filta, chujio la ndani ya tenki, au pampu yenyewe. Anza na filta, ndiyo rahisi.

Kabla ya kulegeza paipu yoyote, chomoa soketi ya pampu na uache injini iungurume hadi izime, presha ishuke. Sigara mbali, kizimamoto karibu.

Pampu hupozwa na petroli inayoizunguka, hivyo kutembea kila siku taa ya mafuta ikiwaka huifupishia maisha. Ila ukituletea gari gereji kwa kipimo hiki, usijaze tenki. Robo inatosha, maana huenda tukalazimika kulifungua tenki hilo.