Mmepaka rangi majina ya babu zetu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hapa kwetu nimeongea mpaka nimechoka. Mji wetu ni mdogo, uko njia ya Gulu, ukisinzia kwenye basi umeshaupita. Pale njia panda kuna mnara wa askari wetu waliokufa vitani, kimo chake kama mtu tu, na siku hizi ndio steji ya boda. Una majina 19 yamechongwa kwenye saruji, si kwa kina sana, halafu yakajazwa rangi nyeusi.

Sasa kabla ya tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa, wakaletwa mafundi na ndoo za rangi ya mafuta wakapaka mnara wote mweupe pee, na majina humo humo. Nilimuuliza fundi, kijana, majina yako wapi? Akanijibu, "Mzee si umeona imependeza, mimi tenda yangu ilikuwa rangi tu." Nikakosa la kusema.

Bibi mzaa mama hakujua kusoma hata herufi moja lakini alijua kaka yake yuko mstari wa tatu, hapo penye ufa. Kila akienda sokoni alikuwa anasimama, anafuta ule mstari kwa ncha ya leso, anaendelea na safari. Huyo kaka alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika, na katika vita vya pili vya dunia alichukuliwa akapelekwa Bama (Burma, siku hizi Myanmar) mwaka 1944, bonde la Kabaw, mvua haikatiki, matope mpaka magotini, na malaria ilikuwa inaangusha watu kama risasi. Hakurudi na kaburi hatulijui, kwa hiyo kaburi lake kwetu ni ule mstari.

Watu wananiambia mzee wacha, ni rangi tu. Hivi mnajua ni wangapi hawana hata huo mstari? Nendeni Nairobi muone ile sanamu ya askari ya kukumbuka vita vya kwanza vya dunia, imeandikwa ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako, na ukizunguka yote hukuti jina la mtu hata mmoja! Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ile ya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hawakukumbukwa kabisa. Wazungu wametukosea hivyo sawa, lakini sisi wenyewe tulikuwa nayo 19, tukayafunika kwa brashi, tena kwa hela zetu.

Na si mambo ya wazee tu. Vijana wetu walianza kupelekwa kulinda amani Somalia mwaka 2007, na ile asubuhi ya Mei 2023 kambi yao kule Buulo Mareer iliposhambuliwa walikufa 54. Kuna mama hapa anauza mandazi karibu na huo mnara, mwanawe alirudi kwenye sanduku, mwaka mwingine si huo. Jina lake halijawahi kuongezwa pale, na kwa mwendo huu sijui litaongezwa wapi.

Kinachonifanya niandike leo na si mwezi ujao ni taili. Nasikia eti rangi haitoshi, wanataka kuubandika taili zile za bafuni ung'ae. Jamani rangi inakwanguka, taili na simenti yake hapo ndio basi. Mimi siwaombi hela, naomba tu wasimamishe hiyo kazi, watafute mtu anayejua kuchonga, ayarudie majina kwa kina na aache nafasi chini kwa hawa wa juzi.

Jumapili vijana wa boda walinisaidia, mmoja na funguo ya pikipiki, mwingine na kipande cha msasa, taratibu taratibu. Tumeshasoma saba. Mstari wa tatu bado, ule ufa umejaa rangi, lakini ukipitisha kidole unazisikia herufi.

Mjukuu wa keya,
Njia ya Gulu, Uganda