Bahasha ya nauli na mwanafunzi wa habari

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo sisi wanafunzi wa uandishi wa habari tunalizungumza wenyewe kwa wenyewe, lakini mbele ya walimu na wahariri tunalinyamazia.

Darasani tulifundishwa kwamba mwandishi hapokei fedha kutoka kwa anayemwandikia habari, na kanuni za Baraza la Habari Tanzania, chombo kilichoanzishwa na wanahabari na wadau wao mwaka 1995, tulizisoma hadi tukazifanyia mtihani. Nilipokwenda mafunzo kwa vitendo katika chumba kimoja cha habari hapa Dar es Salaam, nilipangwa kuongozana na mwandishi mzoefu kwenye uzinduzi wa mradi wa maji. Shughuli ilipokwisha tulipitishiwa karatasi ya kusaini, kisha kila mmoja akapewa bahasha yenye shilingi 20,000, ambayo waandaaji waliiita nauli. Niliipokea, kwa kuwa ofisi haikuwa ikinipa hata nauli ya daladala, na kwa kuwa wote walionitangulia kwenye foleni, ambao ndio niliotumwa kujifunza kwao, waliipokea.

Hakuna aliyeniagiza niandike uongo, nami sikuuandika. Ila mama mmoja wa mtaa ule alikuwa amenieleza kando kwamba bomba lake halijatoa maji tangu alipounganishiwa, na nilipoketi kuandika, maneno yake niliyaacha kwenye daftari. Jambo hilo linaniuma kuliko fedha zenyewe.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kuwa mwandishi, kabla ya kufanya kazi, lakini mwanafunzi anafika huko akiwa tayari na mazoea aliyoyachuma katika wiki chache za mafunzo. Kwa hiyo nawaomba wamiliki wa vyombo vya habari wawalipe wanafunzi nauli ya kwendea kazini, kiasi ambacho naamini hakiwezi kuwashinda, na wahariri wamuulize mwanafunzi anaporudi si habari tu, bali pia alichopewa huko na nani aliyempa. Vyuo navyo viongeze katika daftari la mafunzo ukurasa wa kueleza mambo ya kimaadili yaliyomtatiza mwanafunzi, na msimamizi anapokuja kutukagua aanze na ukurasa huo kabla ya kutazama sahihi na mihuri.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Dar es Salaam